Roboti inapima kimeng'enya cha nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu makala mliyoitoa juu ya maabara za dawa zinazoendeshwa na roboti. Mwandishi wenu ameeleza vizuri, lazima nimpongeze: mikono ya mashine inanyonya vimiminika, inadondosha matone kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, inasoma majibu usiku kucha, haiombi chai wala ruhusa ya msiba. Kisha akamalizia kwamba Afrika tusiponunua mashine hizo tutabaki watazamaji. Hapo ndipo tulipoachana. Mimi nilianza kazi ya maabara enzi za kunyonya pipeti kwa mdomo, nimestaafu nikiwa nimetumia mashine za kila namna, na siku hizi nafundisha vijana wa stashahada hapa Tanga. Sina ugomvi na roboti. Ila kuna swali ambalo makala haikuligusa kabisa: ndani ya vile vishimo kumewekwa kimeng'enya cha nani? Kimeng'enya, kwa asiyekijua, ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya kiumbe.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaijua maabara kwa kutobolewa kidole na kuambiwa "rudi saa nane". Dawa nyingi hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya fulani, kiwe cha mwili wetu au cha kimelea kinachotuumiza. Ukitaka kujua kama dawa mpya inakizuia, unakichanganya kimeng'enya na kitu ambacho kimeng'enya hicho kazi yake ni kukibadilisha, unaongeza dawa kwa viwango tofauti, halafu unaangalia kasi inashuka kiasi gani. Leonor Michaelis na Maud Menten walipima kasi ya namna hiyo huko Berlin, wakachapisha mwaka 1913, wakitumia kimeng'enya kinachovunja sukari ya kawaida. Hesabu yao ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye kompyuta ya roboti leo.

Sisi tulipima kwa mwanga. Kuna kemikali iitwayo NADPH inayofyonza mwanga wa nanomita 340, mwanga ambao jicho haliuoni. Ikishatumika ikageuka kuwa NADP, haiufyonzi tena. Basi kimeng'enya kinachotumia NADPH kinaishusha kalamu ya mashine kwenye karatasi, na kinachoitengeneza kinaipandisha. Unachukua kyuveti, kile kichupa cha pembe nne, unaweka bafa, yaani maji yanayozuia ukali wa asidi usibadilike, unaweka kimeng'enya, unasubiri joto litulie, unadondosha cha mwisho, unaziba mdomo wake, unapindua taratibu mara mbili, unarudisha haraka mahali pake na kufunga kifuniko. Mwenzako kashika saa. NADPH yenyewe imekaa kwenye barafu ndani ya foili, kwa sababu ukiisahau mezani kwa joto la Tanga utapima kitu kilichokwisha nguvu. Umeme ukikatika katikati ya kazi unaanza upya, na taa ya mashine inataka muda wake wa kutulia kabla hujaiamini.

Sasa piga hesabu. Dawa moja, viwango vinane, kila kiwango mara tatu: hizo ni kyuveti 24. Kwa mkono hiyo ni siku yako nzima pamoja na mgongo wako. Sahani ya plastiki yenye vishimo 96 inabeba dawa tatu kwa mpigo, na vishimo 24 vinabaki vya kulinganishia. Sahani ya vishimo 384, ukibakiza tena 24 vya kulinganishia, inabeba dawa 15. Ipo pia ya vishimo 1,536, ambayo mkono wa binadamu hata usijaribu. Sahani hizi hazikuanza na kompyuta. Gyula Takátsy wa Hungaria alichonga vishimo kwenye kipande cha plastiki mwaka 1951. Huko Marekani Leonard Skeggs akabuni mashine ya kupima damu iliyoingia sokoni mwaka 1957, sampuli zikifuatana ndani ya mrija mmoja mwembamba, na kiputo cha hewa kikitenganisha damu ya mgonjwa huyu na ya yule. Kwangu mimi kiputo kile ni ubunifu mkubwa kuliko mkono wowote wa roboti, lakini hayo ni mapenzi ya mtu.

Kwa hiyo kuziachia mashine kazi hii ni jambo jema. Hakuna heshima yoyote katika kupindua kyuveti hadi macho yaingie ukungu. Ninachowaambia wanafunzi wangu ni wasimeze namba ya mwisho bila kuangalia mchoro wake. Vishimo vya pembezoni hukauka mapema kuliko vya katikati. Kiputo kimoja kinapotosha mwanga. Na kompyuta itachora mstari ulionyooka hata pale ambapo kimeng'enya kimeishiwa chakula tangu dakika ya pili. Hayo yanarekebishika, na wenye mashine wanayajua kuliko mimi.

Ninalotaka kusema ni zito kuliko hayo, na nitaanza na mfano mzuri kabla ya mbaya.

Kuna roboti iitwayo Eve, iliyotengenezwa na kundi la Ross King na wenzake huko Uingereza. Ndugu yake wa kwanza, Adam, alikuwa Aberystwyth huko Wales, akachunguza vimeng'enya vya hamira, na taarifa zake zikatoka mwaka 2009. Eve naye alipewa hamira, jamii ile ile tunayoumulia mandazi, ambayo jeni yake moja imeondolewa na mahali pake kuwekwa jeni ya kimelea cha malaria. Hamira hiyo inaishi kwa kutegemea kimeng'enya cha kimelea, na dawa ikikizuia, hamira inadumaa na roboti inaona. Mwaka 2018 walitangaza kwamba triklosani, kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye baadhi ya dawa za meno, inakizuia kimeng'enya cha malaria kiitwacho DHFR. Haijawa dawa ya malaria. Lakini kilichonifurahisha ni hiki: ilikizuia hata kile cha vimelea sugu, vilivyokwisha kuizoea pirimethamini.

Pirimethamini si mgeni huku kwetu. Ndiyo nusu ya SP, vile vidonge vitatu vilivyokuwa tiba ya kwanza ya malaria Tanzania Bara kuanzia 2001 hadi dawa mseto ilipoingia mwaka 2006, na mpaka leo mama wajawazito wanavipewa kliniki kama kinga. Miaka ya 1950 ilipogawiwa Mkuzi, wilayani Muheza, haikuchukua muda mrefu vimelea vikaizoea. Usugu wenyewe ni mabadiliko madogo kwenye DHFR: herufi chache za jeni zinabadilika, umbo la kimeng'enya linapinda kidogo, dawa haikai tena vizuri mahali pake. Kama watu wa Eve wangeweka kwenye vishimo kimeng'enya cha vimelea vya zamani tu, majibu yao yangekuwa ya haraka, safi, na yasiyotufaa. Waliweka na kile sugu kwa sababu mtu aliketi akafikiri ni kimelea gani kiko mtaani.

Kimelea kimepewa nafasi kwenye sahani kwa aina zake zote. Binadamu mara nyingi anawekwa kana kwamba ni mtu mmoja.

Tuje kwenye mfano mbaya. Mwaka 2003 Uingereza iliidhinisha dawa ya malaria iitwayo Lapdap, mchanganyiko wa kloproguanili na dapsoni, uliotengenezwa kwa ajili ya Afrika hasa. Kloproguanili inakizuia DHFR. Dapsoni, dawa kongwe ya ukoma, inazuia kimeng'enya kingine cha kimelea katika njia hiyo hiyo. Upande wa kimelea hesabu zilikuwa nzuri. Upande wa mgonjwa kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ndani ya chembe nyekundu za damu ni kutengeneza ile NADPH niliyoitaja, na NADPH ndiyo inayoikinga chembe isiunguzwe na vitu kama mabaki ya dapsoni. Mtu mwenye upungufu wa G6PD akimeza dapsoni, chembe zake zinapasuka. Februari 2008 dawa iliondolewa sokoni, baada ya majaribio katika nchi kadhaa za Afrika kuonyesha wagonjwa wenye upungufu huo wanaporomoka damu kwa kiasi cha kutisha.

Upungufu wa G6PD haukuwa habari mpya. Watafiti wa Marekani waliutambua mwaka 1956 wakichunguza kwa nini primakwini, dawa nyingine ya malaria, inawapasua damu baadhi ya wafungwa weusi. Na pwani yetu hii, ambako malaria imekaa karne na karne, kuukuta si jambo la nadra, hasa kwa wanaume, kwa sababu jeni yake iko kwenye kromosomu X na mwanamume anayo moja tu. Waliotengeneza Lapdap waliujua pia. Lakini kujua kitu na kukiweka kwenye kishimo mapema, pembeni ya kimeng'enya cha kimelea, ni mambo mawili. Lililowezekana kuonekana mezani likasubiri kuonekana kwenye damu ya watoto.

Niruhusu nisimulie kisa kimoja, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo roboti haiwezi kujiuliza yenyewe. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi aliletwa mkata mkonge aliyekuwa akitumia dapsoni. Macho ya manjano, pumzi fupi, na mkojo wake ndani ya chupa ulikuwa mweusi kama kahawa ya kijiweni. Daktari kijana akaagiza G6PD. Nikaipima mwenyewe kwa mwanga wa 340, na kalamu ikapanda vizuri tu, karibu sawa na ya mtu mzima wa afya. Daktari akasema basi si G6PD, tutafute kingine. Mkuu wetu wa maabara, mzee wa Kidigo asiyependa maneno mengi, aliutazama mchoro, akauliza hemoglobini ni ngapi, akakataa kuidhinisha jibu. "Chembe zenye upungufu zimeshakufa," akasema. "Hapa umepima watoto."

Alikuwa na maana hii. Chembe nyekundu kuukuu ndizo zenye kimeng'enya kidogo zaidi, na ndizo zilizotangulia kupasuka. Uboho ulikuwa umekwisha kumwaga chembe changa barabarani, na chembe changa zina G6PD ya kutosha hata kwa mtu mwenye upungufu wa aina yetu ya Kiafrika. Mgonjwa akaachishwa dapsoni, akaongezewa damu, akaambiwa arudi baada ya miezi kadhaa. Aliporudi tukapima tena. Safari hii kalamu ilijikokota. Pipeti yangu ilikuwa sawa, taa ilikuwa sawa, na namba ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa kwa damu iliyokuwemo kwenye kyuveti siku ile.

Roboti ingeipata namba ile kwa sekunde chache, na pengine ingeipata mara tatu kwa usahihi wa kupendeza.

Sasa hamisha kisa hicho kwenye utengenezaji wa dawa. Kabla dawa mpya haijaingia kwa mtu, maabara hutaka kujua ini litaivunja kwa kasi gani, maana kasi hiyo ndiyo inayosaidia kukisia dozi. Vipande vya utando wa seli za ini, vilivyohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, vinayeyushwa, vinachanganywa na dawa kwenye nyuzi 37, na roboti inachota sampuli kila baada ya dakika kadhaa kuona dawa imebaki kiasi gani. Kazi safi. Maini yenyewe yananunuliwa yakiwa yamechanganywa ya watu wengi, na wachangiaji hao kwa sehemu kubwa ni Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Mungu awarehemu, wametusaidia sana. Lakini wao si binadamu wote.

Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza aina ya kimeng'enya cha ini CYP2D6, wakaipa namba 17, inayopatikana kwa Waafrika wengi na inayofanya kazi polepole kuliko ile ya kawaida ya Ulaya. Mwaka huo huo Eleni Aklillu na wenzake walikuta kwamba Waethiopia 29 katika kila 100 waliopimwa wana nakala za ziada za jeni hiyo hiyo, kwa hiyo wao wanazivunja dawa zake upesi kupita kiasi. Harare na Addis Ababa zote ni Afrika, na dawa ile ile huku inarundikana, kule inakwisha kabla haijafanya kazi. Anayedhani ataweka ini moja la "Mwafrika" na kumaliza shughuli, bado hajaanza.

Waliotumia ARV iitwayo efavirenzi wanalijua jambo hili kwa miili yao, hata kama hakuna aliyewaeleza. Efavirenzi ilipitishwa Marekani mwaka 1998 kwa dozi ya miligramu 600 kwa siku. Inavunjwa hasa na kimeng'enya CYP2B6, na aina ya polepole ya kimeng'enya hicho imeenea zaidi kwetu kuliko Ulaya. Nani hakumsikia ndugu au jirani akilalamika kizunguzungu na ndoto za kutisha, na kuambiwa avumilie atazoea? Mwaka 2014 utafiti uliofanyika katika nchi nyingi ulionyesha miligramu 400 zinatosha. Imepita miaka 16 hapo katikati. Sisemi kuna aliyejua akaficha. Mambo mengi ya CYP2B6 yalieleweka baadaye. Nasema kwamba leo yanaeleweka, na hatuna tena udhuru huo.

Ndiyo maana siafiki kwamba shida yetu ni kukosa roboti. Roboti zipo hata barani kwetu. Kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town, alichokianzisha Kelly Chibale mwaka 2010, kimetengeneza kiambato cha dawa ya malaria kinachozuia kimeng'enya cha kimelea kiitwacho PI4K, kikaingia kwa binadamu kwa majaribio mwaka 2014. Ujuzi upo. Kilichobaki ni mpangilio wa sahani, na huo hauna gharama ya kutisha. Sahani ya 96 ina safu nane, A mpaka H. Safu mbili ziwe za CYP2D6 ya kawaida, mbili za namba 17, mbili za CYP2B6 ya kawaida, mbili za ile ya polepole. Wala hakuna haja ya kumtafuta marehemu wa kuchukuliwa ini: jeni ya aina yoyote inayojulikana inaweza kupandikizwa ndani ya bakteria au seli za wadudu, nazo zikatengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi. Enzi zetu za kyuveti ningekuelewa ukiniambia muda hautoshi kurudia jaribio lote kwa aina nne. Mashine inayofanya kazi usiku kucha haina haki ya kusema hivyo.

Wenzangu wa vyuo vyetu nao wasijifiche nyuma ya umaskini. Kusoma sahani kwa nanomita 340 kunahitaji kisomaji cha kawaida, friji isiyozimika, na vitendanishi ambavyo havijapita tarehe. Nimeona maabara ikiletewa mashine kubwa kwa shangwe na picha, ikakaa na turubai lake kwa kukosa kitendanishi kimoja. Mwenye fedha za roboti moja angewapa vijana wetu jenereta, visomaji kadhaa, na miaka kadhaa ya vitendanishi, tukajua G6PD na CYP2B6 za watu wa Tanga, Kigoma na Mwanza zikoje. Huo ndio mzigo tungeweza kuwapelekea wenye roboti tukasema: wekeni na hizi.

Na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nina ombi moja. Kampuni inapoleta faili la dawa mpya kuomba kibali, iulizwe kwa maandishi: dawa hii imejaribiwa kwa aina zipi za vimeng'enya vya binadamu, na imeonekanaje kwa zile zilizoenea Afrika Mashariki? Kama jibu ni "haikujaribiwa", liandikwe hivyo hivyo, madaktari walisome. Kipengele kimoja kwenye fomu hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Wako,
Fundi sanifu maabara mstaafu,
Tanga